Uso wa Baba Mkwe

Kambove, 4 Machi 2024

Mpwa wangu Colette,

Kosa wanalolifanya wengi wanaoanza kuchora ni kuomba ruhusa. Rangi mbaya hurekebishika, mstari uliopinda hunyooka. Lakini siku ile mtu anaposimama mbele ya mume, au mama mkwe, au paroko, na kusema, "Je, naweza kuchora kidogo?", hapo ameharibu. Aliyeulizwa hakuwa na neno lolote moyoni. Kwa kuwa ameulizwa, inambidi atafute jibu, na jibu jepesi kuliko yote ni hapana.

Nimesoma barua yako polepole. Unasema meza ni ya kulia chakula, kwa hiyo mumeo Patrice hataki rangi juu yake. Watoto wamechukua brashi yako wakapakia viatu rangi. Jirani amekuja kutaka umchoree mamba-muntu, yule mwanamke mwenye mkia wa samaki, wa kutundika sebuleni, nawe ulipokataa akaenda kutangaza kwamba mke wa Patrice ana majivuno. Umeme unakatika wakati wewe ndiyo kwanza umeketi. Asubuhi uko kwenye duka la dawa, jioni unasonga bukari sufuriani. Na mwishoni unaniuliza mimi, kaka wa marehemu mama yako, mwalimu mstaafu wa historia niliyechora ramani tu ubaoni, kama hizi zote ni dalili kwamba uache.

Si dalili. Ndiyo hali yenyewe. Ngoja nikueleze. Watu hudhani kwanza upatikane utulivu, halafu kazi ije. Haiendi hivyo. Kazi hutangulia ikiwa imechafuka, na utulivu huifuata nyuma kama mbuzi aliyefungwa kamba: anakaza miguu, analia, lakini anafika. Chora kilicho mbele yako. Chora hapo ulipo. Usimwulize mtu.

Na usinijibu kwa simu. Kwenye simu mtu hujibu kabla hajafikiri, nami napenda kufikiri. Mpe Fidèle barua; taksi yake inapita hapa ikitoka huko.

Mjomba wako,
Lambert


Shituru, Likasi, 19 Machi 2024

Mjomba mpendwa,

Nimefanya ulivyosema. Sikumwuliza mtu.

Meza nimewaachia. Nimefua gunia la unga, nikalipigilia misumari kwenye fremu ya dirisha la zamani lililokuwa limetupwa nyuma ya choo. Nyeupe ni rangi iliyobaki tulipopaka sebule. Nyekundu nimeipata kwa fundi wa milango. Ya kahawia naikoroga mwenyewe kwa udongo, maana hapa kwetu udongo mwekundu hata viatu vya misa vinaujua. Brashi ile iliyokwenda kwenye viatu imerudi na nywele chache, nachorea nyusi.

Sasa nikuambie ninamchora nani, na usishtuke. Ninamchora baba mkwe, Tatu Mukendi; unajua hapa baba huitwa tatu. Nilitafuta mtu asiyetikisika. Watoto hawatulii, na Patrice akiona namtazama anauliza amekosa nini. Lakini tatu, tangu alipostaafu kiwandani, kila jioni anaketi uani na redio yake, amefumba jicho moja, na hata nzi akitua puani, pua haisogei.

Shida unaijua. Katika nyumba hii ya watu wa Kasai, mkamwana hamtazami baba mkwe usoni. Nikimpa maji napiga goti na kutazama miguu yake. Tangu niolewe namjua vidole vya miguu kuliko macho. Kwa hiyo namchora kwa wizi. Naketi ubavuni mwake nikichambua maharagwe, na karatasi iko ndani ya lungo, chini ya maharagwe. Naiba pua, nachambua. Naiba shingo, nachambua. Baadaye nayahamishia yote kwenye gunia. Mama mkwe wangu, Mama Albertine, amesema maharagwe ya mwaka huu hayana mawe hata kidogo.

Mjomba, uso umetoka. Sijui kama ni mzuri, lakini ukiuona utataka kuuamkia. Tatizo ni kwamba haukauki. Nimeuficha ghalani nyuma ya magunia ya makala ya kupikia, na kwa mvua hizi hata chumvi mle ndani inatoa machozi. Nikigusa shavu, kidole kinatoka na rangi. Nifanyeje?

Mpwa wako,
Colette


Kambove, 22 Machi 2024

Colette,

Fidèle ananingoja na injini inaunguruma, kwa hiyo nitakuwa mfupi, jambo lisilo la desturi yangu. Rangi haikaushwi na moto, hukaushwa na hewa. Itoe picha nje siku mvua ikipumzika. Isimamishe ukutani upande unaopata upepo. Jua kali lisiipige, itapasuka. Juu yake weka kitu chepesi cha kuzuia matone. Majani yatatosha.

Lambert


Kambove, 27 Machi 2024

Kwa Mama Albertine, kwa Patrice na dada yake Chérie, na kwa familia yote ya marehemu Mukendi,

Habari imenifikia jana kwa mdomo wa dereva Fidèle, aliyepita mbele ya uzio wa lupango lenu akaona matawi ya mchikichi langoni, viti barabarani, na picha ya marehemu ukutani. Nimempigia Colette, simu haipatikani. Goti langu limekataa safari, basi barua itangulie.

Sitasema kwamba alikuwa malaika, maana mlioishi naye mtacheka, na kwenye kilio si vizuri kucheka. Mukendi alikuwa mkaidi. Siku ya mahari ya Colette yeye alikuwa upande wa waoaji, mimi upande wetu, na tulibishana mchana kutwa juu ya mbuzi. Mbuzi alikuwa amekwisha pokewa. Mukendi alitaka tu tukiri kwamba ni mnene. Hakuwa mnene. Na kwenye dama, ukigeuka kupiga chafya, ukirudi unakuta kete zimehama.

Lakini katika miaka ya njaa nyumba yake ilipikia watu ambao si wa kabila lake wala wa parokia yake, na hakuna aliyemsikia akilitaja jambo hilo baadaye. Ukaidi wa namna hiyo ndio uliowasimamisha wengi. Nimekutana na watu wapole katika maisha yangu ambao hawakumsimamisha hata kuku.

Apumzike kwa amani. Na huko aliko, awaache wengine nao washinde dama.

Ndugu yenu katika majonzi,
Lambert


Shituru, Ijumaa Kuu, 29 Machi 2024

Mjomba,

Tatu Mukendi ni mzima. Mchana huu amekula samaki na kulalamikia chumvi.

Ngoja nikuelezee kama unavyonielezea. Jumanne mvua ilipumzika. Mama mkwe alikuwa sokoni, tatu amekwenda kwa rafiki yake kucheza dama. Nikatoa picha, nikaisimamisha kwenye ukuta wa mbele, maana upepo unatoka barabarani. Uliniambia majani. Mama Albertine alikuwa ameleta matawi mengi kutoka kanisani Jumapili ya Matawi, nikayafunga juu ya picha, na yaliyobaki nikayasimamisha langoni yasikanyagwe. Nikaenda kazini. Mjomba, wewe ni mwalimu na mimi nimesoma, lakini sote wawili tulisahau kitu ambacho mtoto yeyote wa Likasi anakijua: matawi langoni na uso wa mtu ukutani, hapo kuna kilio.

Niliporudi, lupango lilikuwa limejaa. Wanawake wamekaa chini, wanaume wanafunga turubai, na yule jirani wa mamba-muntu ndiye aliyekuwa analia kwa sauti kuliko wote. Mama mkwe alikuwa amefika na beseni la sombe, majani ya muhogo, kichwani, akaona, akalitupa beseni, akalia kabla ya kuuliza.

Halafu akaja tatu mwenyewe. Aliona watu, akadhani ni msiba wa wapangaji wetu. Akavua kofia, akapata kiti nyuma, akakaa kwa heshima zote. Baada ya muda akamnong'oneza kijana wa jirani, Glody, aliyekaa karibu yake.

"Ni nani alikufa?"

Glody hakugeuka. "Njo Mzee Mukendi."

"Mukendi gani?"

Hapo Glody akageuka. Alikimbia na kiti, na mpaka leo hajakirudisha.

Mtaani wanamwita tatu Lazaro. Watani wake wanasema amemtangulia Bwana kufufuka. Yeye anawajibu kwamba huko alikokwenda aliwaona wote kwenye orodha. Lakini ndani ya nyumba hakuna anayecheka. Mama Albertine alisimama mbele ya picha muda mrefu, kisha akaniuliza bila kupaza sauti.

"Weye ulimutazama wapi, mupaka ukamujua shingo hivi? Minye muke wake sikuione hii mikunjo yote."

Wifi yangu Chérie anasema picha ya mtu ni ukumbusho, na ukumbusho huwekewa aliyekwisha kufa, kwa hiyo nimemchimbia baba yao kaburi. Jumatatu ya Pasaka familia itakaa. Wamekwisha patana: nitapaka picha chokaa kwa mkono wangu mwenyewe mbele ya wote, kisha brashi na rangi nizitoe, na mambo ya kuchora yaishe katika nyumba hii.

Barua yako ya rambirambi iliingia katikati ya maneno hayo. Patrice alianza kuisoma kwa sauti, akaelewa, akataka kuikunja. Tatu akamwambia aendelee. Ilisomwa mpaka mwisho. Ilipofika kwenye kete za dama, tatu alikohoa. Kisha akaomba sehemu ya mahari irudiwe, akasema, "Ile mbuzi ilikuwa munene." Basi. Juu ya picha hajatoa neno lolote, wala la kunilaumu wala la kunitetea.

Picha iko ghalani, imegeuzwa uso ukutani kama mtoto aliyeadhibiwa. Mjomba, mimi sitaki kuifuta. Sitaki. Niambie nifanye nini.

Colette


Kambove, Pasaka, 31 Machi 2024

Colette mwanangu,

Kristo amefufuka, na Mukendi naye. Mpe salamu zangu zenye aibu. Juu ya mbuzi, mwambie msimamo wangu ni ule ule.

Sasa nisikilize kwa utulivu. Kuna wakati wa kusimama na wakati wa kuinama, na mwenye akili hutofautisha. Gunia la unga lipo kila duka. Mume na nyumba havipo kila duka. Kesho chukua chokaa, paka mbele yao bila kununa. Mpigie goti Mama Albertine. Ikiisha miezi kadhaa, hasira zikipoa, omba ruhusa kwa upole uchore vitu visivyomgusa mtu: maua, kanisa, vilima vya huko kwenu. Nikueleze pia jambo la kiufundi: chokaa haishiki vizuri juu ya rangi ya mafuta. Siku moja utaweza kuikwangua, na uso utakuwa bado uko chini. Kwa hiyo hufuti, unafunika tu.

Mvumilivu hula mbivu. Mimi ninakuogopea.

Mjomba wako,
Lambert


Shituru, 2 Aprili 2024

Mjomba,

Barua yako ya Pasaka nimeisoma na kuitazama sahihi yake vizuri, maana ndani yake imeandikwa "omba ruhusa". Mwezi uliopita Lambert mwingine aliniandikia kwamba hilo ndilo kosa la watu wengi. Hao Lambert wawili wapatane wenyewe. Mimi nimemfuata wa kwanza.

Jana wote walikuwepo: Mama Albertine, Patrice, Chérie, na mdogo wake tatu, Papa Bertin, aliyekuja kuongoza kikao. Tatu aliketi kwenye kiti chake, redio imezimwa. Nikaleta picha, nikaiegemeza kwenye kabati la vyombo. Nikaleta ndoo ya chokaa na brashi pana ya ukuta. Walifurahi, wakadhani nimetii. Nikaiweka ndoo katikati ya chumba, nikasema:

"Picha ni hii, chokaa ni hii. Mimi sipaki. Anayetaka uso wa tatu ufutwe, aufute kwa mkono wake."

Hakuna aliyesogea. Chérie akamwambia Patrice kwamba yeye ndiye mwanamume. Patrice akainuka, akachovya brashi, akasimama mbele ya uso wa baba yake, na baba yake mwenyewe yuko nyuma yake anapumua. Chokaa ikawa inadondoka juu ya kiatu chake.

"Namufuta papa, na yeye anaangaria?" alisema, akairudisha brashi ndooni.

Chérie akamgeukia mama yake. Mama Albertine akamwuliza kama ana akili, mke amfute mume ambaye bado anadai chai. Papa Bertin akapendekeza aitwe fundi wa rangi kutoka nje. Patrice akauliza nani atamtuma, kwa sababu aliyetuma ndiye aliyefuta. Unaona, mjomba? Walikuja wakisema kuchora mtu mzima ni kumwua, na sasa kila mmoja aliogopa kwamba kumfuta ndiko kutamwua. Mimi nilisimama muda huo wote. Magoti sikuyakunja.

Ndipo tatu akainuka. Akaisogelea picha mpaka pua yake na pua ile zikakaribia kugusana. Akatazama mpaka Chérie akaanza kuguna.

"Hii shikio haiko yangu," akasema.

Chérie akaruka kwamba mnaona, hata yeye mwenyewe anaikataa. Tatu akaelekeza kidole pichani.

"Pua ni yangu. Shingo ni yangu, mubaya vile vile. Lakini shikio ya kuume ni ya muntu mwingine."

Nikajibu. Mbele ya wote, mjomba, mkamwana nikamjibu baba mkwe. "Nilikuchora kwa wizi, tatu. Nilikaa upande mmoja. Mwizi haoni masikio yote mawili."

Alifikiri. Sikuwahi kumsikia akifikiri namna ile.

"Basi acha kuiba," akasema. "Mercredi asubui nitaikala kwa kiti. Utanitazama."

Kisha akamwambia Papa Bertin kwamba kikao kimekwisha. Usidhani watu walipiga makofi. Chérie aliondoka bila kugusa bukari. Mama Albertine hajaniamkia tangu jana, na sufuria zake anaziweka chini kwa nguvu ili nisikie. Patrice alinisaidia kuibeba picha, lakini alipofika mlangoni aliniambia kwamba nimemwaibisha mbele ya baba yake mdogo, na sijui hilo litaisha lini. Picha iko sebuleni. Chokaa nimeipaka kwenye choo.

Sasa shida yangu. Jumatano ni kesho. Leo asubuhi nimempelekea tatu chai, nikajaribu kuinua macho. Yalishuka yenyewe mpaka kwenye vidole vya miguu. Si kwamba namwogopa, mwili umezoea. Niliwashinda waliokaa sebuleni, na kope zangu mwenyewe zinanishinda. Na nikishindwa kesho, Chérie atakuwa na haki: atasema hata nilipopewa nafasi sikuweza, na mimi mwenyewe nitamwamini. Nitaweka kiti mbele yake hata nikiishia kuchora viatu. Sikuombi ruhusa. Nakuuliza tu wewe unayependa kueleza: macho yanainuliwaje?

Colette


Kambove, 3 Aprili 2024, asubuhi

Colette,

Barua ya Pasaka washie makala. Iliandikwa na mtu aliyeogopa kwa ajili yako bila kutumwa. Umenifundisha, nami nimefundisha watu wengi, kwa hiyo najua jambo hilo likitokea.

Sasa swali lako. Waliotufundisha kuinamisha macho hawakuwa wajinga. Walitaka mkamwana asimdharau baba mkwe, na walijua dharau hupitia machoni. Lakini dharau ina mwendo wake: hutazama mara moja, hukata hukumu, huondoka. Anayemdharau mtu hamalizi asubuhi nzima akitafuta umbo la sikio lake. Wewe utakaa. Utarudia. Utakosea, utafuta mstari, utamtazama tena ili umtendee haki. Hiyo ndiyo heshima yenyewe, imebadilisha tu mahali pa kukaa. Kama mzee yeyote atauliza nani amebadilisha, mwambie aje Kambove, nitamweleza mpaka aombe kwenda nyumbani.

Usiwaeleze wao chochote. Mama Albertine atakuwa jikoni anasikiliza, mwache asikilize. Patrice amekasirika, na hasira ya mtu aliyebeba picha kwa mikono yake si hasira ya kukimbiwa. Chérie atarudi, kwa sababu atataka kuona. Hakuna hata mmoja wao anayeweza kukutazamia baba mkwe wako. Kazi hiyo ni yako, na hata ukiitenda vibaya leo, itakuwa imetendwa na wewe.

Na macho hayainuliwi kwa ushujaa, mwanangu. Usimkabili macho kwa macho, utashindwa kabla kalamu haijagusa karatasi. Mtu ana sehemu moja usoni ambayo haikutazami inapotazamwa, na Mukendi, bila kujua, ndiyo aliyokutajia. Kutoka hapo utafika kwenye taya, kutoka kwenye taya utafika kwenye shavu, na ukifika kwenye macho utakuwa umekwisha kuzoea kuwa mbele yake.

Fidèle ameahidi kufika kwako kabla chai haijapoa. Iweke barua hii chini, sogeza kiti chako kitoke ubavuni kije mbele yake, na leo uchore sikio la kuume.

Mjomba wako,
Lambert